Miche ya Siku ya Ugeni

Dokta Honorata Dumaran alifika ukweni bila kutuma habari, na hilo peke yake lilikuwa kosa. Huku kwetu kisiwani Panay mtu haendi kwa wakwe zake kama anayekwenda sokoni. Unatuma neno siku mbili kabla, wao wanachinja kuku, wanafagia ua, wanaazima viti, na wewe ukifika unajifanya hukuona kwamba viti ni vya jirani. Dokta alikuwa ameishika adabu hiyo kwa miaka thelathini na moja ya ndoa yake. Lakini asubuhi hiyo simu ya wifi yake, Nening, haikupatikana, maji yangekupwa kabisa saa tatu, na yeye alitaka tu kuangalia kina cha tope mahali ambapo wiki inayofuata wanasayansi mia mbili na arobaini wangeshuka kupanda mikoko.

Alikuwa na miaka hamsini na tisa, mfupi, ameungua na jua kuliko walimu wenzake wote wa chuo kikuu, na mwaka ule alikuwa rais wa Chama cha Wanaikolojia wa visiwa vya Visaya. Nimewajua marais kadhaa wa vyama. Wengi utawaona siku ya picha. Huyu alijibu barua za wanafunzi kutoka visiwa ambavyo hata boti ya posta huvisahau, akazisoma makala zao mstari kwa mstari, na mkutano wa mwaka akauhamisha kutoka mahoteli ya Manila akauleta Iloilo, ili walimu wa shule za pwani nao wapate kuhudhuria kwa nauli wanayoimudu.

Kilichompa jina kilikuwa kijitabu chenye jalada la kijani. Alikiandika kuwafundisha watu kupanda mikoko, na hakuna ofisi ya pwani katika mkoa wetu ambayo hukikuti juu ya meza. Kijitabu kilisema mkoko unaweza kupandwa hata mbele kabisa, kwenye uwanda wa tope na nyasi za bahari, na kikatoa ushahidi wake. Katika kijiji cha Tinagbakan, kati ya kila miche mia, themanini na saba ilikuwa hai baada ya miaka minne. Tinagbakan ndiko kwa wakwe zake, na waliopanda ni Nening na wanawake wenzake kumi na mmoja, kila mmoja mstari wake wa miche mia mbili.

Alivua viatu, akakunja suruali hadi magotini, akaingia topeni. Hatua hamsini hivi alisimama. Alidhani amekosea mahali. Akaitafuta nguzo ya mwanzi aliyoiandika namba mwenyewe kwa rangi nyekundu, akaiona, namba ni ileile. Mistari ilikuwepo, imenyooka vizuri, lakini ilikuwa mistari ya vijiti. Vingi vilikuwa vikavu na vimegandwa na yale makome madogo yanayoshika kwenye mashua. Vingine vilikuwa vimekwenda na maji, vikaacha matundu. Alitembea mstari wa kwanza wote bila kuona jani. Mstari wa pili aliona mche mmoja una majani mawili ya manjano, akainama akaugusa kama anayepima homa ya mtoto.

Nening alimwona kutoka ufukweni akaja mbio, sketi ameishika mkononi, tope linamrukia usoni.

"Wifi, mbona hukusema unakuja?"

"Simu yako haipatikani."

"Sasa utakula nini? Sina hata yai ndani."

"Nening, miche hii imekufa lini?"

Nening aliangalia bahari, akaangalia milima ya upande wa pili, mwisho akaangalia miguu yake. "Miche ipi?"

"Hii. Yote."

"Imechoka tu, wifi. Jua la mwaka huu si mchezo."

"Mwezi wa pili nilikuja hapa na wanafunzi. Ilikuwa na majani manne manne. Nilipima mmoja mmoja."

"Ile haikuwa hii," alisema Nening, kisha akashika mdomo.

Yalimtoka kidogo kidogo, na yalipoanza hayakuwa na breki. Kila Dokta alipotuma neno kwamba anakuja, wanawake walishuka kwenye tope siku mbili kabla, kila mmoja na mstari wake. Walikwenda nyuma, kwenye mdomo wa mto, ambako miche huota yenyewe chini ya mikoko mikubwa. Waling'oa iliyokwisha kutoa majani, wakaileta kwa ndoo, wakaichomeka mahali pa iliyokufa. Mara nane Dokta alikuja kuhesabu, na mara nane walipanda upya.

"Nani aliwalipa?"

"Alipe nani? Mradi wa mikoko unalipa peso tano mche ukipandwa mara ya kwanza. Hii tulifanya bure."

"Kwa nini, Nening?"

"Unaniuliza kwa nini?" Nening alionekana kushangaa kweli. "Ile mara ya kwanza tulidhani tumepanda vibaya sisi. Mwenzetu Luding akasema, jamani, mke wa kaka yako Delfin anakuja na watu wa chuo, na kamera, tumwache aaibike mbele yao? Mgeni akija unafagia. Tukafagia. Mara ya pili ndiyo tukajua si sisi, ni mahali penyewe. Pale mama zetu walichimba kombe za kula, na bibi zetu. Hajawahi mtu kuona mkoko pale. Ukingoni mwa bahari huota miti ya namna nyingine, mlilana na mchu, tena hujiotea wenyewe, humwoni mtu kaupanda."

"Na hamkuniambia."

"Ulikuwa umeshaandika, wifi. Kitabu kimeshatoka. Mtu anaanzia wapi?"

Dokta Honorata aliona aibu ambayo hakuwa ameijua tangu utoto. Haikuwa hasira; angekuwa na hasira ingemsaidia kusimama. Aliwaza mikoa yote iliyofuata kijitabu chake, nyasi za bahari zilizokanyagwa ili kupisha vijiti, na kina mama wangapi wa pwani ambao labda nao waliona wakanyamaza kwa adabu. Miaka thelathini alifundisha wanafunzi wake wasimwamini mtu, wahesabu wenyewe, na yeye alikuwa akihesabu kwa siku alizozitangaza.

"Ilikuwa inabaki mingapi, kabla hamjapanda upya?" aliuliza. "Mnakumbuka?"

"Usiniulize hilo." Nening alimshika mkono. "Na usiseme, wifi. Tutaitwa matapeli. Yule afisa wa mkoa anakuja kwenye mkutano wenu kutupa vyeti. Vyeti, unasikia? Mwenzetu Consing ameshanunua fremu."

"Mimi nitasema ninayopaswa kusema. Ninyi sitawataja."

"Utayasemaje bila kututaja?"

Maji yalikuwa yameanza kurudi, na waliondoka pale wakiwa wameshikana mikono kwa sababu ya utelezi.

*

Mumewe, Delfin, alikuwa mwalimu wa jiografia mstaafu, mtu wa kupiga pasi. Alipiga pasi kila kitu, hata vitambaa vya jikoni, na siku tano kabla ya mkutano alikuwa ameshalipiga pasi mara mbili gauni la hotuba. Dokta alimweleza yote akiwa bado na tope vidoleni. Delfin alizima pasi akakaa.

Hawakuwa wamemaliza pale alipotokea mlangoni Dokta Ramil Sobrevega, katibu wa chama, kijana mchangamfu aliyebeba sanduku la fulana. Fulana zilikuwa za bluu, na kifuani zimeandikwa MICHE MILIONI MOJA. Siku ya mwisho ya mkutano wajumbe wote wangezivaa, wapande miche elfu kumi Tinagbakan, na afisa wa mkoa atangaze kwamba iliyobaki itapandwa pwani yote kabla ya mwaka kuisha. Kwa namna ileile, mahali palepale pa mbele, kama kijitabu kinavyoagiza.

"Mama Rais, wewe ni saizi gani?" aliuliza Ramil. "Nimekuwekea ya kati, lakini hizi hurudi zikifuliwa."

"Ramil, kaa chini. Hakuna kupanda."

Alimweleza, ila hakumweleza habari ya ndoo. Alisema tu kwamba miche imekufa, kwamba haikupata kuwa hai kama alivyoandika, na kwamba ataomba chama kikiondoe kijitabu. Ramil aligeuzageuza fulana mkononi.

"Tuiseme kitaalamu basi," alisema mwishowe. "Dhoruba. Mwezi wa kumi ilipita dhoruba, kila mtu anakumbuka. Dhoruba iling'oa miche. Tunaahirisha kupanda, mwakani tunarekebisha kijitabu kimyakimya, toleo la pili. Hakuna aliyeumia."

"Ile ilipita kaskazini," alisema Delfin.

Wote wawili walimgeukia.

"Kaskazini ya mkoa wa Aklan. Kilomita sitini au zaidi. Huku haikuangusha hata mgomba," alisema, kisha akajuta, kwa sababu dakika mbili kabla na yeye alikuwa akiwaza dhoruba hiyohiyo. Mwalimu wa jiografia hafi upesi ndani ya mtu.

Ramil alicheka kidogo kwa huzuni. "Mwalimu, tulikuwa tunaelekea pazuri."

"Najua, mwanangu. Nisamehe."

"Dokta, chama hiki kilikuwa na wanachama arobaini ulipokichukua," alisema Ramil, na sasa hakuwa akicheka. "Mimi ninayesema hapa, makala yangu ya kwanza ulinirudishia mara tano, na mara ya sita ukaisifu mbele ya watu. Ukisimama pale ukasema haya, Profesa Layson atakula nyama yako na mifupa. Tangu umshinde kwenye kura anangoja tu. Na mkoa utatufungia milango."

"Mkoa unataka kupanda milioni moja kwenye nyasi za bahari, Ramil. Zikifa nyasi, zinakwenda na kombe na kamba wadogo na pweza. Watu watakula nini, fulana?"

Ramil aliondoka na sanduku lake. Alipokwisha kuondoka Delfin aliuliza lile lililokuwa kooni.

"Na Nening?"

"Sitamtaja. Wala Luding, wala yeyote."

"Watakuuliza nambari ilitoka wapi. Themanini na saba haiokotwi barabarani. Usipowataja wale, basi wewe ama ni mwongo ama ni mjinga, chagua moja."

"Mjinga."

Ningependa kuwaambia kwamba Delfin alisema neno kubwa la mume, lakini alichosema ni kwamba tope limeingia kwenye zulia. Kisha akaenda kuleta maji ya uvuguvugu, akapiga magoti, akamwosha miguu mkewe kidole kwa kidole, na huko ndiko kusema kwake.

*

Ukumbi wa chuo ulijaa hadi milangoni. Walisali, wakaimba wimbo wa taifa, wakavishwa mikanda ya hariri, wakapiga picha ya meza kuu mara tatu kwa sababu afisa wa mkoa alifumba macho mara mbili. Nyuma kabisa, karibu na meza ya vitafunio, walikaa wanawake kumi na wawili wa Tinagbakan wakiwa wamevaa fulana za bluu. Hakuna aliyewaambia kwamba fulana zimesitishwa. Nening aliketi katikati yao, mikono mapajani, hajagusa hata wali wa kunata aliopewa.

Dokta Honorata alipanda jukwaani na karatasi mbili. Hotuba za marais wetu huchukua saa nzima, nusu yake shukrani. Yeye alizungumza dakika kumi na moja. Alisema kijitabu cha kijani kina makosa, na makosa ni yake. Mkoko ulipendekezwa kwa sababu mbegu yake ni ndefu na rahisi kuchomeka, na mistari yake hupendeza kwenye picha, si kwa sababu mahali pale ni pake. Nambari ya Tinagbakan si ya kweli. Aliomba chama kikiondoe kijitabu siku hiyohiyo, kisimamishe upandaji wa kesho, na kimwandikie mkoa barua kuuomba usipande hata mche mmoja kwenye nyasi za bahari. Mwisho alisema yuko tayari kuachia urais. Afisa wa mkoa aliacha kujipepea.

Profesa Eusebio Layson alinyanyuka safu ya pili. Alikuwa mzee mrefu, msafi, mwenye tabia ya kusahihisha hata menyu za mikahawa, na sauti yake ilikuwa ya upole sana.

"Swali dogo, Rais. Umesema nambari si ya kweli. Vizuri. Lakini nambari hiyo umeiandika kwenye makala nne. Ama ulihesabu miche isiyokuwepo, ama ulikaa mezani ukaitunga. Kumbukumbu za mkutano ziandike lipi?"

"Ziandike nilihesabu vibaya."

"Mara ngapi?"

"Mara nane."

"Mara nane," alirudia Profesa, na ukumbini mtu mmoja akacheka, kisha wa pili. "Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua mche hai ni wenye majani. Rais wetu alikuwa anahesabu nini, nyota?"

Kicheko kilienea. Dokta Honorata alishika kingo za meza ya jukwaa. Angeweza kuwanyamazisha kwa sentensi moja, na sentensi hiyo alikuwa nayo, imekaa mdomoni, na kila mtu aliyempenda ukumbini alikuwa akiomba aitoe. Ramil aliinamisha kichwa. Delfin, safu ya nne, alikunja programu ya mkutano hadi ikawa kipande kidogo.

"Andikeni hivyo," alisema Dokta. "Nilihesabu vibaya, mara nane. Sina la kuongeza."

"Anajua kuhesabu."

Sauti ilitoka nyuma, bila kipaza sauti. Vichwa vikageuka. Nening alikuwa amesimama, na fulana ile ya bluu ilikuwa kubwa kwake hata ilimfika mapajani.

"Nening, kaa," alisema Dokta.

"Sikai. Nimekaa miaka minne." Alimgeukia Profesa, ambaye hakuwahi kumwona. "Mzee, yule unayemcheka ni wifi yangu, na kuhesabu anajua. Alihesabu kilichokuwepo. Sisi ndio tuliokiweka. Akituma neno anakuja, tunapanda upya, usiku hatulali, tunabeba kwa ndoo. Ili asiaibike. Anayajua haya tangu wiki iliyopita na amekubali mumwite mjinga ili msituite sisi matapeli. Sasa tuiteni. Mimi ni wa kwanza, naitwa Nening Dumaran."

Hakuna aliyecheka tena. Afisa wa mkoa alivuta bahasha ya vyeti karibu naye. Luding, mama mnene aliyekuwa upande wa kulia wa Nening, alianza kulia kwa sauti, naye pia akasimama, kwa sababu aliona kulia huku umekaa si heshima.

Profesa Layson alikuwa bado amesimama. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia zaidi, lakini mzee yule, pamoja na ukorofi wake wote, alikuwa mwanasayansi, na lilipomjia swali la kweli alisahau kwamba alikuwa akigombana.

"Mama," alisema, "kabla hamjapanda upya. Mlikuwa mnakuta imebaki mingapi? Kuna anayekumbuka?"

Nening hakumjibu yeye. Alimtazama wifi yake jukwaani, yule aliyemwuliza swali hilohilo wakiwa topeni, naye Nening akakataa kujibu.

"Mstari wangu ni wa tatu," alisema. "Mia mbili. Ulipokuja mara ya kwanza, ilikuwa imebaki kumi na tisa. Mara ya pili, minne."

Dokta Honorata aliigeuza karatasi ya hotuba yake upande mweupe. Alitafuta kalamu, hakuiona, na Ramil akampa yake.

"Mara ya tatu?"

"Miwili."

"Mstari wangu wa saba," alisema Luding akifuta pua. "Mara ya kwanza, ishirini na moja. Mara ya pili, sita, lakini miwili ilikuwa taabani."

"Iliyo taabani ilikuwa na jani?"

"Jani moja moja."

"Basi ni hai. Sita," alisema Dokta, akaandika.

Wakasimama wengine, mmoja mmoja, wote kumi na wawili, wakaitaja mistari yao kama watu wanavyotaja watoto wao, na wala hawakukosea, maana kila mmoja alikuwa ameinama juu ya ile miche kwa mikono yake. Ukumbini watu walianza kutoa madaftari. Profesa Layson aliketi, akavaa miwani, naye akaandika. Dokta alikuwa analia sasa bila kujificha, akifuta macho kwa ule mkanda wa hariri wa urais, na hakuacha kuuliza.

"Consing, mstari wa kumi. Mara ya nne?"

Consing, aliyenunua fremu, alisema kwa sauti ndogo.

"Sikukusikia, Consing. Rudia."

"Hakuna, Dokta. Hata mmoja."

Akaandika sifuri. Sifuri ile aliichora vizuri, ikazunguka ikafunga, kisha akainua kichwa akamwuliza mwanamke aliyefuata.